Deni la Licence

Mwaka wa 2001, katika ofisi yetu ya Beni, tulikuwa watu wanne wenye licence, shahada ya chuo kikuu, na kiti kimoja. Kiti tulikikalia kwa zamu. Yangu ilikuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi. Siku nyingine nilisimama dirishani nimeshika faili, maana mtu aliyeshika faili haonekani kama hana kazi. Mlangoni niliandika cheo changu kwa chaki, Chef de Bureau, Affaires Politiques, yaani mkuu wa ofisi ya mambo ya siasa, na kila mvua ilipopiga upande ule nilikiandika upya.

Mshahara sikuwahi kuuona. Miezi kumi na minne. Kinshasa walisema sisi ni watu wa waasi, waasi walisema tungoje vita viishe, na vita havikuwa na haraka yoyote. Nililala katika chumba cha nyuma cha ofisi, juu ya maturubai, na nilikula kwa mkopo kwa mama mmoja wa ugali wa muhogo aliyeniita Bwana Chef. Sijui kama alinidhihaki. Sikuthubutu kumwuliza.

Kama ningekuwa nimesoma kwa fedha ya baba yangu, ningevumilia. Lakini baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na licence yangu ya sayansi ya siasa ililipwa na wanawake tisa wa Butembo. Mama yangu, Rébecca, alikuwa mmoja wao. Walikuwa na likelemba: kila mwezi kila mmoja anatoa dola tano, jumla arobaini na tano, na mwenye zamu anazibeba zote. Nilipofika miaka ya mwisho kule Kisangani, mama alibeba zamu yake, kisha akawaomba wenzake wamwachie zao. Wote wanane walikubali, mmoja baada ya mwingine, kwa miezi minane. Zikaja kuwa dola mia tatu na sitini, na zote nilizila: ada, vitabu vya kunakili, wali mkavu wa bweni.

Kwa nini walikubali? Kwa sababu walikumbuka administrateur, mkuu wa wilaya, mmoja wa zamani kule Lubero aliyekuwa na Land Rover, mpishi na kofia nyeupe, na mtu alikuwa amewaambia kwamba yule alisoma siasa. Basi kwao siasa ilikuwa Land Rover. Hawakuwa wajinga. Hawa ni watu wanaojua bei ya kila gunia la maharagwe kutoka Lubero hadi Beni. Walikosea mahali pamoja tu: walidhani serikali ni mnunuzi anayelipa.

Wakati huohuo Ananie, aliyekaa dawati moja nami na kuacha shule mwaka wa nne wa sekondari, alikuwa anauza spoku na tyubu za baiskeli pale Butembo. Kwa wiki alipata dola thelathini. Aliponiona alinipa mkono kwa heshima na kuniita licencié, na mimi nilimchukia kwa roho yangu yote.

Mama alikuja Beni siku ya Jumatatu, amepanda lori, amekaa juu ya magunia ya viazi. Nilikuwa dirishani na faili langu. Nilimwona akivuka barabara, ameshika kikapu, anasoma milango kwa kidole. Alipofika kwenye mlango wa chaki akasimama.

"Wavukire, mama," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Wavukire. Hii njo bureau yako?"

"Njo yenyewe."

"Na kiti?"

"Leo iko na mwenzangu."

Hakucheka. Nilimpeleka chumba cha nyuma, akakaa juu ya ndoo niliyoipindua. Aliangalia maturubai, aliangalia shati langu la pili lililotundikwa kwenye msumari, kisha akaniangalia mimi, na nikajua kwamba hakuja kunisalimu.

"Joyeuse alizala," akasema. "Balimupasua tumbo."

Joyeuse ni binti wa Mama Julie, jirani yetu, na Mama Julie ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuachia zamu yake. Kabla mama hajamaliza kuomba, yeye alikuwa amekwisha kusema ndiyo.

"Mutoto ni muzima?" nikauliza.

"Ni muzima, lakini anakohoa. Iko siku kumi na mbili, banamukatalia Joyeuse kutoka kule hospitali, ku maternité, ju ya franga. Ku kitanda balimutoa. Analala chini mu couloir na mutoto wake. Banasema tu: lipa, njo utoke."

"Ni ngapi?"

"Dola makumi nane. Mama Julie iko na makumi tatu na tano. Ile ingine..." Hakumaliza. Ile nyingine ilikuwa arobaini na tano, ndiyo zamu ya Mama Julie, na aliyeila alikuwa amesimama mbele yake. "Comptable wa kule, mwenye kuhesabu franga, alisema, kama mwisho wa mwezi bahapana kulipa, ataanza kuhesabu tena siku zote. Itafika mia. Itapita mia."

"Na Mama Julie anasema nini?"

"Hapana kusema kitu. Alikuja, akakaa mu kikoni yangu, akamenya viazi yangu yote, akaenda. Angekuja kunitukana, ingekuwa muzuri." Mama alijipangusa uso kwa pembe ya kitenge. "Éliakim, nipe hata mushahara ya mwezi moja. Moja tu. Zile zingine ukae nazo."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemwandikia barua kwamba mambo yanakwenda. Sikuwahi kuandika kwamba nalipwa. Niliandika tu "mambo yanakwenda," nikamwacha ajaze mwenyewe. Huo ndio ujanja nilioupata chuo kikuu.

"Mama, hapana mushahara."

"Ya huu mwezi?"

"Ya miezi yote. Tangu nianze kazi hapana kunilipa hata franga moja. Hata hawa benzangu. Hapana mutu analipwaka hapa."

Katika ofisi ya mbele mwenzangu alikuwa anapiga muhuri karatasi ambazo hakuna aliyeziomba. Mama alisikiliza ule mlio, pa, pa, pa.

"Donc," akasema, "basi tulisomesha nini?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu aliyenunua kitu sokoni na sasa anataka kujua kinawashwaje. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Hapo ndipo nikafungua kinywa na kusema neno ambalo mpaka leo najilaumu kwalo.

"Nitaomba arriérés."

"Ile njo nini?"

"Mishahara ya nyuma, yote. Ni haki yangu, mama. Iko mu sheria."

Uso wake ukabadilika. Alilishika lile neno kama mtu anayezama. Akaniachia viazi vyote vya kikapu chake, akaniambia kwamba nitangojewa Jumapili ya mwisho ya mwezi, siku ya likelemba, na kwamba atamwambia Mama Julie asiuze cherehani yake. Akarudi Butembo jioni ileile. Nilikuwa na siku kumi na tatu.

Mkurugenzi wetu aliitwa Melchior. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa michezo, na bado alikuwa na filimbi shingoni, ndani ya koti. Nilimkuta anakula ndizi. Nikamweleza habari ya arriérés, nikamtajia na kifungu cha sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa heshima, maana wengine hakuwasikiliza.

"Éliakim, mushahara iko barabarani," akasema. "Mara tatu nilikupa barrière, mara tatu ulikataa. Nani alikukataza kula?"

Ni kweli nilikataa kusimamia vile vizuizi vya kutoza wapita njia. Kitabu changu cha kumaliza masomo kilihusu kodi. Kurasa themanini na mbili, nikionyesha kwamba kodi isiyo na sheria wala risiti ni unyang'anyi, nikapata distinction, alama za juu. Watu wazima watatu waliovaa tai walinipigia makofi kwa kusema hivyo. Sasa nilisimama mbele ya mtu mwenye filimbi, na kila nilichokiandika ndani ya kile kitabu kilikuwa hakiwezi kumtoa Joyeuse kwenye sakafu.

"Ile ya darajani," nikasema. "Iko bado?"

"Iko. Fungu moja mu matatu ni yako, ile ingine ya wakubwa na basoda ba bunduki."

"Lakini nitaandika reçu. Kila mutu anayelipa nitamupa reçu ya franga yake."

Melchior alicheka mpaka filimbi ikatoka nje ya koti. "Andika! Karatasi yako, bic yako. Hapana mutu atakukataza kuandika."

Barrière ya darajani ilikuwa kamba iliyokatiza barabara ya Butembo, imefungwa vipande vya mifuko ya plastiki ili ionekane kwa mbali. Pembeni kulikuwa na kibanda cha majani. Mwanajeshi wa pale aliitwa Abdias. Alitoka mbali, magharibi, na aliongea Lingala na Kiswahili cha kuokota. Hakuwa mtu mbaya. Hakulipwa, kama mimi.

Siku ya kwanza nilielewa jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zangu themanini na mbili. Malori makubwa hayakulipa. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuelewana na wakubwa, majina yao yalikuwa kwenye orodha, na Abdias aliiteremsha kamba kabla hawajapunguza mwendo. Aliyelipa ni mwanamke mwenye kikapu kichwani: faranga mia. Na kijana wa baiskeli yenye madumu ya mafuta ya mawese: mia tatu. Wanaoteremka na viazi na maharagwe, wanaopanda na mchele na mawese, kwenda na kurudi. Serikali nzima ilisimama juu ya shingo za wanawake.

Nilijificha ndani ya kibanda. Wanawake wengi wa ile barabara ni wa Butembo, na nusu yao wamenibeba mgongoni. Abdias alipokea pesa nje, akaingiza mkono kwenye upenyo wa majani, nami nikamwekea risiti mkononi. Nilizikata kwa rula kutoka madaftari, zote saizi moja. Tarehe, kiasi, sahihi. Chini ya sahihi niliandika: Licencié en Sciences Politiques. Sijui ni kiburi gani. Nadhani nilitaka mahali pamoja duniani ambapo ile licence imetumika.

"Mokanda ya nini, kaka?" Abdias aliniuliza habari ya zile karatasi. "Balipe, bapite. Noki noki, haraka."

"Ni sheria," nikamjibu.

Wanawake walizipokea zile karatasi kwa mshangao. Hakuna barrière nyingine iliyotoa kitu. Wakazikunja vizuri na kuziweka ndani ya vitenge, pamoja na fedha. Niliwasikia wakisema, "Huyu wa hapa ni mutu wa haki." Nilihesabu theluthi yangu kila jioni. Elfu moja mia moja. Elfu moja mia tatu. Dola moja ilikuwa faranga mia tatu na thelathini, na mimi nilikuwa natafuta arobaini na tano. Nilianza kuwaombea wanawake wawe wengi. Nilifurahi siku ya soko. Siku mvua iliponyesha na barabara ikawa tupu, niliwakasirikia, mimi, kwa kutokuja kuibiwa.

Jumanne ya wiki ya pili mvua ilikuja ghafula, na mwanamke mmoja aliinama akaingia ndani ya kibanda kujikinga, na kikapu chake cha maharagwe. Alipangusa maji machoni. Alikuwa Mama Julie.

Tulitazamana. Daftari lilikuwa magotini mwangu, rula mkononi.

"Éliakim? Mutoto ya Rébecca?"

"Ni kazi, mama," nikasema.

"Ni kazi." Aliangalia kamba kupitia mlangoni, akaangalia kile kirundo cha karatasi. "Ni vizuri mutu apate kazi."

"Unaenda Beni?"

"Kuuzisha maharagwe. Ju ya Joyeuse."

Nilitaka kumwambia. Neno lilinifika mpaka menoni: mama, zote hizi ni zako, ni za Joyeuse, ngoja tu. Lakini Abdias alikuwa mlangoni anahesabu vikapu, na kila jioni Melchior alilinganisha hesabu yake na yangu. Mama Julie alifungua pembe ya kitenge, akatoa mia moja iliyolowa, akaiweka juu ya daftari langu. Nami nikaipokea. Nikamkatia karatasi, nikatia tarehe, kiasi, sahihi. Mwandiko ulikuwa uleule. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilikuwa nimekwisha kuzoea.

"Aksanti," akasema, akatoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nilipanda Butembo na dola arobaini na tano: noti mbili za ishirini na moja ya tano. Nilikuwa nimechagua zisizo na mchaniko wowote, kwa kuwa noti ya dola iliyochanika hata kidogo Butembo hawaipokei. Wanawake walikuwa wametoka kanisani, wamekaa sebuleni kwetu kuzunguka mkeka. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Aliponiona mlangoni alisimama, na mbele ya wote akasema, "Arriérés imetoka!" Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema lile neno hadharani, na alilisema vizuri sana.

Likelemba yao ina sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Mwenye kuweka pesa kwenye mkeka hutaja kwanza imetoka wapi. Nimeuza viazi. Nimeshona. Mume wangu amefyatua matofali. Wenzake wakiridhika hujibu pamoja, "Ipite." Wakinyamaza, pesa hairuhusiwi kugusa mkeka. Waliiweka sheria hiyo vita vilipoanza, ili mali ya kuporwa isiingie kwao na kuwaletea balaa. Nilikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, lakini sikujua kwamba na mimi ingenihusu.

"Sema, mutoto," mama akanihimiza. "Sema inatoka wapi."

Nikachuchumaa. "Ni mushahara yangu ya nyuma."

"Ipite," wakasema. Mmoja tu alichelewa. Mama Julie alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono magotini, ananiangalia. Kisha akasema peke yake, kwa sauti ya chini, "Ipite."

Nikaweka noti mbele yake. Akazichukua. Chumba kikajaa vigelegele, na mama akalia bila kuficha, akasema kwamba sasa kila mwezi mmoja wao atapata zamu yake, kwa kuwa serikali imeanza kulipa. Nilikuwa nimefanya kosa la pili juu ya la kwanza, na nilikuwa naliona likikua mbele ya macho yangu.

Aliyelikuza ni Mama Kasika. Yeye anauza mafuta ya mawese, ana sauti ya kuamsha mtaa.

"Bamama, munisikilize," akasema. "Victoire yangu amemaliza secondaire. Nilikuwa nasema ashone. Hapana! Naye atasoma politique. Niko na kashamba Lubero, nitauzisha. Na nyinyi mutaniachia zamu zenu, kama tulimufanyia Rébecca. Munaona vile alitulipa!"

Wawili walikubali palepale. Wa tatu alikuwa anafikiri. Mama alinishika bega kwa fahari.

Ningependa kusema nilipiga moyo konde. Haikuwa hivyo. Niliogopa. Niliona dola mia tatu na sitini nyingine zikienda, na shamba, na msichana wa miaka kumi na tisa amesimama dirishani na faili. Na Mama Julie alikuwa bado ananiangalia. Nikachoka, basi.

"Bamama," nikasema, "musimupe. Mushahara hapana. Nilibadanganya. Ile franga inatoka ku barrière ya darajani. Mwenye kukaaka mu kibanda ni miye."

Mkono wa mama ulibaki begani mwangu kidogo, kisha ukaondoka.

Mama Julie alizifunga zile noti katika pembe ya kitenge, mafundo mawili, akasimama. "Miye najua tangu Jumanne," akasema. "Nililipa mia yangu. Joyeuse atatoka leo." Akaenda. Hakuniaga, wala sikustahili kuagwa.

Ndipo Mama Kasika alipoingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa mfuko wake wa fedha, na ndani yake karatasi sita zilizokunjwa vizuri. Akazipanga juu ya mkeka.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na hii ya chini inasema nini?"

"Licencié en Sciences Politiques."

"Tulizichunga, tukifikiri zitatusaidia ku barrière ingine. Hapana kutusaidia kitu." Hakuwa amekasirika. Aliongea kama anavyoongea dukani kwake. "Basi, miye nikipokea franga ya mutu na nikimwandikia reçu, na siku ile hapana kumupa mafuta, niko na deni yake. Weye ulinipa nini?"

"Hapana kitu, mama."

"Donc uko na deni yangu. Mia sita."

Wengine wakafungua vitenge vyao. Tano. Saba. Nne. Zilifika thelathini na moja kwenye mkeka, zote saizi moja, zimekatwa kwa rula. Nilipiga hesabu kichwani, sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimeandika risiti zaidi ya mia nne, na kufikia Jumatatu saa nne asubuhi soko lote la Butembo lingejua mwenye sahihi ni nani na nyumba ya mama yake iko wapi. Faranga elfu arobaini na nne na kitu. Dola mia na thelathini na tano. Mimi nilibakiwa na theluthi, lakini sahihi ilikuwa yangu kwa zote. Tulidaiwa mia tatu na sitini, tumelipa arobaini na tano, na sasa tunadaiwa mia nne na hamsini.

Mama aliziokota zile karatasi moja moja, akazipanga, akazihesabu mara mbili.

"Deni ni yangu," akawaambia. "Muandike." Kisha, bila kunitazama, akasema, "Ulisema mushahara."

"Nilisema, mama."

"Mu mukeka. Mbele ya bamama."

"Ndiyo, mama."

Akaenda jikoni. Sikusikia akilia. Nilimsikia akiosha vikombe ambavyo havikuwa vimetumika. Ningetoa licence yangu, na mkono ulioiandikia, ili atoke aje anitukane.

Wanawake wakaondoka wawili wawili. Mama Kasika alibaki nyuma, akafunga mfuko wake, akawa kama mtu anayetafuta neno.

"Éliakim."

"Mama."

"Kama haungesoma, bangekupa ile kazi ya kibanda?"

"Hapana. Banataka mutu anayejua kuandika na hesabu."

"Na yule soda wa ku kamba, amesoma?"

"Hapana kusoma."

"Njo maana anasimama mu mvua." Alifikiri. "Na ku ile franga, mwenye kuandika anapata ngapi?"

"Fungu moja mu matatu. Lakini mama, umesikia vile nimesema? Hapana mushahara. Hakuna. Ile politique ni bure, ni deni tu..."

"Nimesikia," akasema. "Miye niko na miaka makumi nne na tisa. Tangu nianze kubeba mafuta ku hii barabara, minalipaka tu. Nililipa bale ba serikali ya zamani, nililipa basoda ba Uganda, nililipa weye. Upande wa kupokea sijafika hata siku moja." Alivuta stuli, akakaa mezani kwetu. "Victoire atafika. Niandikie barua ya kumuombea nafasi kule université, na uiandike muzuri, kama zile reçu."

Nilisimama pale. Mama alitoka jikoni, mikono imelowa. Alikuwa amesikia yote. Aliifuta meza kwa kitenge chake cha Pasaka, akaniwekea karatasi.

Nikamwuliza Mama Kasika jina kamili la Victoire na mwaka aliozaliwa, nikaanza kuandika.